Mayai Sitini, Mita Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha wapangaji kwenye ngazi. Umeme ni wa mgao. Jengo zima mita moja, na tukizidisha kiwango kabla ya Jumapili jioni, tunakatiwa mwezi mzima. Friji zote zizimwe, ibaki ya Nesi wa chini tu, kwa dawa za wagonjwa. Insulini ya Mama imo humo. Nikawa wa kwanza kuinua mkono. Makofi! Ila cheo cha kukagua mita kapewa Mwalimu Mstaafu. Kalamu nyekundu, kifua mbele. Kusoma namba tu, utadhani waziri!

Kabatini, chini ya makoti, mashine yangu ya kutotolesha vifaranga inanguruma. Mayai sitini. Bado siku tano. Mama Watoto anajua, na ameninunia.

Jumatano, 5 Machi
Mita inakimbia. Mwalimu kasema siku za mwizi ni arobaini. Moyoni nikasema, mimi nahitaji tatu tu. Nikamnong'oneza kwamba nimenusa pasi kwa Fundi Cherehani. Wakamvamia maskini. Kumbe pasi yake ni ya mkaa! Fundi akanitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Ijumaa, 7 Machi
Mita imebakiza kidogo mno. Watu wamezima hata taa. Mama anajidungia sindano dirishani, apate mwanga, kisha analiombea jengo. Nichomoe? Lakini ni kesho! Basi nitachomoa asubuhi. Haki ya Mungu.

Jumamosi, 8 Machi
Sikuchomoa. Saa tatu asubuhi Mwalimu kaja kumjulia Mama hali. Kabati likalia: pii! Nikakohoa. Pii, pii! Nikaimba. Mama akaninyamazisha kwa mkono, akafungua kabati, akafuata waya kwa kidole hadi ukutani. Akachomoa mwenyewe. Hakufoka. Aliniuliza tu kama aliyenizaa ni yeye au ni kuku. Nililia mbele za watu. Nikaapa sitarudia, na Mwalimu akakiandika kiapo kwa kalamu nyekundu.

Vifaranga tisa. Mayai hamsini na moja yanapoa huku nayaona. Yananiuma, jamani.

Jumapili, 9 Machi
Tumepona! Jioni imefika, mita haijavuka. Mama amenisamehe, amenishika kichwa kama mtoto. Nikajitolea kulinda friji ya dawa Nesi akiwa kazini, iwe ndiyo toba yangu. Ufunguo kanipa bila kusita. Mtu akitubu anaaminiwa!

Nimegundua jambo. Nyuma ya friji kuna joto la bure kabisa! Mayai yote hamsini na moja yameenea pale. Nimezungushia mablanketi mawili, joto lisitoroke. Friji sasa inanguruma bila kupumzika, na ubavu wake umechemka vizuri sana. Hakuna waya hata mmoja niliouchomeka. Mwalimu aandike na hilo.