Farasi Wangu Kachukuliwa na Mtani

Kwa Mlezi wa Klabu ya Mchezo wa Msako,
Kiranjeranje.

Mwalimu Emerensiana, shikamoo. Marahaba yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana nina haraka.

Mimi ni Klementi, yule uliyemfundisha mpaka kidato cha pili, cha tatu kikamkimbia. Ila kwa kusaka watu kwenye msitu wa mezani, wilaya nzima hakuna wa kunigusa. Ndiyo maana Jumamosi nilipewa wale askari wa kale wa Ulaya wenye mashati ya chuma, vijisanamu vya ukubwa wa kidole gumba, wamsake mwizi aliyeiba paa wa mfalme. Msitu ni vijiti vya mkorosho, mto ni kitambaa cha buluu. Mwizi alichezwa na Mastura. Akivuka mto, kashinda, na mshindi ndiye anayepata ile nafasi moja ya kwenda mashindanoni Lindi. Sasa, ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Ilibaki hatua moja nimkamate. Mastura akanyanyua farasi wa kapteni wangu, akamweka kando ya kikombe chake cha chai, akamwacha kapteni kakaa majanini miguu kaitanua kama anayekuna nazi. Nikamshitaki kwa mwamuzi wetu, Sixbert. Mastura akajibu, "Mtani haibi, anachukua." Sixbert, ambaye ndiye aliyemchonga farasi huyo (hajawahi kumwona farasi, akampa uso wa mbuzi), akaniuliza kama nimekasirika. Anayemkasirikia mtani anatozwa kuku. Nikacheka, meno yote nje.

2. Kapteni akaendelea kwa miguu. Mastura akatangaza kwamba maskini kafa kwa joto la shati la chuma. Akamviringishia leso, akamlilia kwa sauti yangu mimi, mpaka na kile king'ong'o changu cha puani. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye shughuli, hilo silipingi. Ila kapteni alikuwa mzima.

3. Waliokuwepo wakanipa pole mmoja mmoja. Mwalimu, nilizipokea. Nikatoa andazi langu kuwa rambirambi, nikashika pembe ya leso mpaka makaburini, yaani chini ya meza. Nilipoinuka, mwizi alikuwa ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, utani upigwe marufuku klabuni, kisha Kiranjeranje yote, na ikibidi wilaya nzima, mpaka mimi nishinde.

Nisalimie Mzee Anthony, watoto, na yule jogoo wenu aliyenikimbiza mwaka jana. Mwambie sasa nina mafunzo.

Wako katika kusaka,
Klementi
Kapteni (marehemu)

Tanbihi: Marufuku hiyo, tafadhali, ianze basi la Lindi likishaondoka. Nakuandikia nikiwa humo ndani, kwenye kiti cha Mastura, begi lake nimelipakata. Ukiufuta utani sasa hivi, Mwalimu, huu utakuwa wizi.