Mimi, Daktari wa Ng'ombe na Rabi Orlik

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Kikundi chetu cha kusoma kimekutana hapa Kiamunyi. Kitabu: maisha na mawazo ya Rabi Zalman Orlik, mwanafalsafa wa Kiyahudi. Alitoroka vita Ulaya na sanduku moja, mama yake na dada zake wakauawa, na bado akafundisha kwamba mtu huanza kumjua Mungu kwa kushangaa. Mimi nimefundisha CRE, somo la dini ya Kikristo, miaka thelathini na moja. Nilikuja na kurasa nane za maelezo. Basi Kosgei, daktari wa ng'ombe, akaeleza huko kushangaa kwa hadithi ya ndama aliyemsaidia kuzaliwa kule Njoro. Akina mama wakalia. Wariara, mke wangu, mama yake Joan wetu, akalia! Kurasa zangu nane hazikumtoa hata chafya.

Kibaya zaidi, mwenyekiti, Mama Eucabeth, amemchagua Kosgei kuhutubia wageni wa chuo kikuu Jumamosi. Mimi ni wa akiba. Wa akiba! Wivu unanila, na hapa sifichi.

Jumatano, 12 Novemba
Nimepata wazo! Kiptum, rafiki yangu wa Njoro, ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nimempigia nikamshauri asikubali daktari mwingine ila Kosgei, hata Jumamosi. Akasema mimi ni mtu mwenye utu. Nilikubaliana naye.

Alhamisi, 13 Novemba
Orlik anasema siku ya saba, yaani Sabato, mtu hafanyi kazi, hanunui, na gumu kuliko yote, hatamani kitu. Nimetangaza kwenye WhatsApp ya kikundi kwamba kuanzia kesho jua likizama nitaishika siku hiyo kama Rabi mwenyewe. Simu nitazima. Nisisumbuliwe hata nyumba ikiwaka. Kosgei akiitwa Njoro, watakuja wenyewe kunibembeleza. Nimepata madole gumba kumi na tisa! Kosgei aliandika kwamba anajivunia kunijua. Mnafiki.

Jumamosi, 15 Novemba, jua limezama
Tangu asubuhi nimekaa sebuleni na suti, nikitazama geti. Sikutamani chochote, ila gari la Eucabeth. Saa saba Wariara alikuja na simu mkononi. Nikainua mkono, asiseme kitu. Akaja tena. Mkono. Mara ya tatu alikuwa amevaa gauni la harusini. Nikainua mikono yote miwili. Akaenda zake.

Amerudi jioni na maua. Kumbe Kosgei aliitwa kwa Kiptum mchana, na Eucabeth akampigia Wariara anitoe. Aliposhindwa, wakamwomba azungumze yeye. Akazungumza juu ya mwanamume anayekaa kitini siku nzima bila kutamani kitu. Ukumbi mzima ulisimama! Profesa mmoja amemwalika chuoni kwao, kule Njoro, kuhutubia wanafunzi. Nilimuuliza kama alitaja jina langu. Alisema alisahau.

Jumapili, 16 Novemba
Usingizi haukuja. Mke wangu! Kitabu chenyewe alikisoma akimenya viazi.

Asubuhi nimempigia Eucabeth nikamweleza kwa masikitiko kwamba Wariara amepoteza sauti, kwa hiyo Njoro nitaenda mimi. Eucabeth akasema ni ajabu, maana anamsikia akiimba. Nikasema hiyo ni redio. Akauliza ni redio gani inayosema: Baba Joan, uji unapoa.

Kesho nitapiga simu nikiwa nje, nyuma ya banda la kuku.