Laptopu Ninayoisubiri Ishuke Bei

Jumatatu, 17 Novemba

Leo nimeitwa mtu wa maana. Na aliyeniita ni Mzee Dragutin mwenyewe, yule anayepiga video za harusi za mji mzima wa Leskovac! Ana harusi kumi na mbili za kiangazi hazijahaririwa, na bibi harusi mmoja ameshapata mimba kabla hajaiona hata keki yake kwenye video. Mzee anasema mfungo wa Krismasi ukianza tarehe 28 hakuna harusi tena mpaka Januari, kwa hiyo ndio wakati wa kukaa chini na kuzimaliza. Anataka kijana mwenye kipaji. (Mimi.) Na mwenye laptopu yake. (Hapo sasa.) Niende kwake Jumamosi tarehe 29, saa nne asubuhi.

Laptopu ninayo. Inaunguruma kama trekta, kioo kimeshikiliwa na selotepu, na ukiiwekea video inazima kwa hasira. Ila hela za mpya zipo! Dinari elfu tisini, jasho la miezi miwili ya kumenya pilipili za kuchoma kiwandani. Mpaka leo nikijifuta jicho kwa kidole nalia.

Nikapita dukani kwa Dada Zorica. Ipo. Nyembamba, rangi ya fedha, elfu themanini na tano kasoro dinari moja. Dada Zorica akaniambia chukua leo, mdogo wangu, ziko mbili tu. Nikacheka. Ananiona nimezaliwa jana? Tarehe 28 ni Ijumaa Nyeusi, bei zinaporomoka kila mahali! Nitaichukua kwa elfu sitini na tano, na chenji nanunua koti la ngozi. Mtu aliyeacha shule ya ufundi kwa hiari yake (karibu hiari) hadanganywi na muuza duka.

Jumanne, 18 Novemba

Balaa. Nimekutana na Tihomir wa ghorofa ya chini kwenye ngazi. Tihomir ni yule aliyemaliza shule na hajaacha kutukumbusha. Eti amesikia Mzee Dragutin anatafuta kijana, naye anafikiria kwenda kumwona. Anafikiria! Damu ikanipanda. Nikamwambia asijichoshe miguu, kazi imeshapata mwenyewe, na laptopu nimenunua jana. Uongo mdogo. Wa siku kumi tu, tarehe 28 unageuka kuwa ukweli.

Tihomir akanipa mkono. Hongera jirani, haya, tunainywea lini?

Nilisahau! Kabisa! Katika mji huu huwezi kununua hata feni bila kuwalisha watu. Kitu kipya kisipoliwa nyama kinakufa ndani ya mwezi, na mwenye kitu anaitwa bahili mpaka azikwe. Nikajaribu kusema labda mwezi ujao. Akasema mwezi ujao gani, we Zvonko, wiki ijayo tunafunga, nyama hakuna, unataka kutulisha maharage? Kabla ya mfungo, bwana, na iwe nyama!

Saa sita mchana jengo zima lilikuwa na habari. Shangazi Borka wa ghorofa ya tatu (si shangazi wa mtu yeyote, ni shangazi wa jengo) alitoa kichwa dirishani na kunipigia kelele niko barabarani kwamba anafurahi sana, mwanangu, ila nikumbuke hana meno ya nyama ngumu.

Baba aliporudi kutoka kazini alivua viatu kwanza. Halafu akasema mwanawe amenunua kompyuta na yeye ameambiwa na mleta barua. Kumbe ndani ya nyumba hii yeye ni mpangaji.

Ningesema ukweli hapo hapo. Lakini Mama alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha.

Alhamisi, 20 Novemba

Wanataka kuiona. Kila mtu anataka kuiona!

Nimemwomba Dada Zorica boksi tupu. Akauliza la nini. Nikasema la kuwekea viatu. Akaniangalia, akanipa. Ndani nimeweka kibao cha kukatia nyama cha Mama na taulo. Uzito sawasawa. Akili ninayo, wasionipenda waseme wanachotaka.

Nimeliweka juu ya kabati na kutangaza kwamba halifunguliwi mpaka tarehe 28, kwa sababu mashine mpya ikitolewa kwenye baridi inahitaji siku kumi kuzoea joto la nyumba. Baba akatikisa kichwa kama fundi. Akasema hata boila ni hivyo hivyo.

Shangazi Borka alipanda kulitazama. Akatema tfu tfu tfu mara tatu juu yake kuzuia kijicho. Sasa nina kibao cha nyama kilichokingwa na kila baya.

Tihomir naye alikuja. Akalibeba, akalitikisa, likagonga. Akauliza kinachogonga ni nini. Nikamwambia betri. Akasema yeye hajawahi kusikia betri inagonga. Nikamwambia ndiyo maana yuko ghorofa ya chini.

Mama anauliza nani amechukua kibao chake.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimewalisha. Mungu wangu, wanakula! Jirani anayekataa hata kahawa kwa sababu ya tumbo lake amekula chevapi kumi na nane, vile visoseji vya nyama ya kusaga. Nilizihesabu zikiingia. Kilo tisa za nyama ya kusaga, vitunguu, mikate, bia. Rakia, ile pombe kali ya matunda, ilitoka kwenye chupa za Baba, hiyo angalau bure, ila naye alinifanya nimshukuru mbele za watu. Dinari elfu kumi na tisa zimepanda moshi. Nilisimama kwenye jiko la mkaa nikigeuza nyama na kuwaza: hicho ni kitufe. Hicho nacho ni kitufe. Anakula skrini yangu yule!

Na kwa kuwa nilikuwa nimelipa, nikaona angalau nisifiwe. Nikaisifia mashine. Nikasema betri yake inakaa siku mbili. Nikasema picha ni safi mpaka unamwona inzi kwenye keki ya harusi, na ukikuza unajua jinsia yake. Tihomir, mdomo umejaa, akauliza ukicheza gemu ya mpira humo haigandi? Nikamwambia haigandi, wewe ndiye utakayeganda kwa mshangao. Shangazi Borka akauliza kama mtu anaweza kumwona binti yake aliyeko Vienna. Nikamwambia Shangazi, kwa mashine hii utaona mpaka vumbi lililo chini ya kochi lake. Akasema hilo hasa ndilo anataka kuliona.

Walinywa afya yangu mara nne. Nilipendeza sana. Lakini ni ghali kupendeza.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimepita dukani kuisalimia. Bei: laki moja na elfu kumi!

Nikadhani macho bado yana pilipili. Nikamwita Dada Zorica. Akasema ndiyo, ameipandisha asubuhi, kila duka linapandisha. Nikauliza kwa nini. Akasema ili Ijumaa ipate pa kushukia. Alisema hivyo akiwa anakula mbegu za maboga, bila haya hata kidogo! Halafu akaniinamia kwa sauti ya chini: kwangu bado ni bei ya wiki iliyopita, nipe elfu themanini na tano sasa hivi uende zako.

Nilikuwa na elfu sabini na moja. Nikamwambia sina haraka.

Nyumbani, Baba ananisubiri. Wenzake wa ofisi ya maji wamesikia. Wanasema mtoto wa Stanoje amenunua kompyuta na wao hawajaonja hata soda, je, Stanoje amelea mtoto wa aina gani? Nikamwambia Baba, hao hata siwajui. Akasema lakini wao wananijua mimi, na atawatazamaje usoni mpaka kustaafu. Miaka sita!

Elfu tisa nyingine. Keki, soda, soseji. Mmoja wao alinishauri kwamba ningesubiri Ijumaa Nyeusi ningepata kwa bei nafuu. Nilitaka kumnyang'anya soseji.

Jumatano, 26 Novemba

Nina elfu sitini na mbili. Nimepiga hesabu upya. Ikianguka hadi sitini na tano, nahitaji elfu tatu tu, na Mama hupenda kunikopesha akiwa na furaha. Kwa hiyo hakuna tatizo. Kwa kweli nimefanya vizuri kusubiri.

Mzee Dragutin amepiga simu. Akauliza mashine ipo au haipo, niseme mapema kama haipo, yeye si mtu wa kung'ata. Nikamwambia ipo, inazoea joto. Akasema haya.

Mama amenunua kibao kipya.

Ijumaa, 28 Novemba

Hata sijui nianze wapi.

Saa moja asubuhi niko mbele ya duka. Baridi ya kukata masikio. Kulikuwa na watu wawili mbele yangu. Wa kwanza Tihomir. Wa pili Shangazi Borka, na kiti chake cha kukunja!

Nikauliza wanafanya nini hapa. Tihomir akasema we jirani, wiki nzima umetuimbia hiyo mashine yako, mtu atalala vipi? Anataka ya kuchezea mpira, ile kazi ya Mzee Dragutin yeye hana habari nayo tena, kwani si ni yangu? Shangazi Borka akanishika mkono na kusema asante mwanangu, bila wewe ningekufa sijaliona vumbi la Vienna.

Mlango ukafunguliwa. Ubao mwekundu: laki moja na elfu kumi imekatwa kwa mstari, chini yake elfu themanini na tano kasoro dinari moja. Ile ile! Ile ile ya siku ya kwanza! Dunia nzima inaporomosha bei, Zorica anairudisha mahali alipoiokota.

Zilikuwa mbili tu. Tihomir akachukua moja. Shangazi Borka akachukua nyingine, akalipa kwa noti zilizofungwa kwenye leso.

Dada Zorica alinihurumia. Akatoa chini ya meza laptopu moja iliyotumika, elfu hamsini na tano, ina mkwaruzo mfunikoni, akasema video za harusi inazihariri bila shida, mpwa wake aliifanyia kazi hiyo hiyo mwaka mzima. Nikaitazama. Nikamtazama. Mimi? Ya mtumba? Jengo zima limeniona na boksi jipya, nishuke leo na mkwaruzo? Nikamwambia asante, nasubiri toleo la masika, hii ikitoka kwenye mtindo nitaipata kwa bei ya viatu. Akairudisha chini ya meza na kusema yeye ameuza katika duka hili miaka ishirini, na wateja wanaosubiri ndio anaowaona mara nyingi zaidi.

Jioni walitualika kuzinywea. Wote wawili kwa pamoja, sebuleni kwa Shangazi Borka. Na kwa kuwa leo mfungo umeanza, karamu ilikuwa nini? Maharage! Ya kuoka! Sufuria moja! Mimi nimewachomea kilo tisa za nyama, wao wananipakulia maharage, na Tihomir akaniongeza kijiko akisema kula jirani, usione haya. Kwenye skrini binti wa Vienna alikuwa analia, na Shangazi Borka anamwamuru asogeze kochi.

Picha ni safi kweli. Sikudanganya hata kidogo.

Jumamosi, 29 Novemba

Saa nne kamili nilikuwa kwa Mzee Dragutin, mikono mitupu. Njia nzima nilijisemea: Zvonko, leo sema ukweli. Nilidhamiria kabisa. Hata sentensi ya kwanza nilikuwa nayo tayari.

Mzee alinitengenezea kahawa mwenyewe. Video zote za harusi zimejaa kwenye kisanduku kimoja kidogo cha kuhifadhia, kisichozidi pakiti ya sigara: harusi kumi na mbili, mapadri kumi na wawili, mama wakwe ishirini na wanne. Akakiweka mezani katikati yetu. Akauliza mashine iko wapi.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, akaongeza kwamba kama sina nisione aibu, hata yeye alianza na kamera ya kuazima, na shemeji yake ana laptopu nzuri imekaa bure kabatini, anaweza kuniazima mpaka Januari. Aseme tu mtu ukweli wake.

Sasa hapo ndipo aliponiharibia. Ya kuazima! Mimi ni mtu wa kuonewa huruma na shemeji wa mtu? Nikasikia sauti yangu ikisema hapana Mzee, laptopu nimewaachia wachezaji mpira na wanawake wa makamo. Mimi nimenunua mashine ya mezani. Kubwa. Skrini mbili. Haibebeki, haipiti hata mlangoni, waliiingiza kwa dirisha.

Mzee Dragutin akainuka. Akanishika mabega yote mawili. Akasema kijana, hatimaye nimempata mtu anayeichukulia hii kazi kwa uzito, kazi ni yako! Akakichukua kile kisanduku, akakitia mfuko wa koti lake. Kwa kuwa mashine haibebeki, akasema, yeye mwenyewe atakileta kwetu keshokutwa, saa nne asubuhi, na atakaa nami siku nzima anionyeshe, maana skrini mbili hajawahi kuziona. Na atakuja na shemeji yake, naye hajawahi kuziona.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nimepata kazi! Nimemwambia Mama, analia tena. Baba ameshashuka kumwambia mleta barua.

Nimepita dukani. Dada Zorica anayo ya mezani moja, skrini mbili, dirishani, laki moja na elfu thelathini. Ile ya mkwaruzo bado ipo chini ya meza, ameniuliza tena. Nimemwambia asijisumbue. Keshokutwa ni mbali. Kuna Jumapili nzima hapo katikati, na bei ya kitu kikubwa kama kile haiwezi kukaa ilipo.