Leo Nimemwita Tito Baba

Kariuki, Muthee, ndugu zangu wa mtaro mmoja: leo nimeaibika. Nimeaibika nikiwa na koti safi, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya wanawake. Na aliyeketi kunitazama ni Tito.

Ndiyo, Tito yule yule. Nataja jina. Tito Gathogo, mtoto wa dada yangu Wanjiru. Ndiye aliyekaa ndani ya gunia lenye matundu mawili ya macho, akaitikia kwa kichwa, yaani huyu ni Mau Mau, nilipopitishwa mbele yake. Kwa kichwa hicho nikachimba mitaro ya mpunga pamoja nanyi huko kizuizini Wang'uru miaka mitatu. Uso wake sikuuona, lakini viatu nilivijua. Mimi ndiye niliyemnunulia. (Kama mnataka kucheka, chekeni sasa mmalize mapema.)

Haya, sikilizeni.

Jana mke wangu alimpeleka mtoto wetu Nyaguthii hospitali ya Nyeri. Ana miaka sita. Kichomi kimemshika, akivuta pumzi analia. Pasi ya kutoka kijijini ilitolewa ya mtu mzima mmoja tu, mimi nikabaki. Leo asubuhi dereva wa lori la maziwa akanipa neno kupitia ua: "Njogu, mtoto hajapata nafuu. Anakuita wewe."

Mnajua kijiji chetu. Handaki, miti iliyochongwa, lango moja. Kutoka bila pasi ni kutafuta risasi. Na basi la Nyeri hupita Othaya saa nne, likikuacha ni mpaka kesho. Kesho, kwa mtoto wa kichomi, ni mbali sana.

Saa mbili nikawa kwenye foleni ya kituo cha homgadi, hao askari weusi wa serikali wanaotulinda. Ndani kuna meza moja. Nyuma ya meza, yule afisa mzungu kijana tunayemwita Nyoni, yaani ndege, kwa sababu hupiga mluzi akisoma karatasi. Kando yake, kwenye kigoda, mkalimani wake. Tito. Bunduki mapajani.

Tangu nirudi sijamsemesha Tito. Hata salamu. Niliapa kwamba maneno yangu hayatapita tena mdomoni mwake. Na kwa nini yapite? Mimi si nilimpikia mzungu miaka tisa kule Chaka? Kiingereza niko nacho. (Cha mayai na chai ya asubuhi, lakini niko nacho.)

Zamu yangu ikafika. Tito akasema, "Wewe, sema shida yako nimwambie Bwana."

Ati wewe! Mimi mjomba wake! Nikampita kwa macho kama nguzo ya ua. Nikamgeukia Nyoni, kifua mbele, nikasema kwa Kiingereza: "Bwana, naomba pasi ya kwenda Nyeri. Mkalimani simhitaji."

Nyuma yangu Wangeci, yule muuza ndizi, akawaambia wenzake, "Ee! Njogu alienda kuchimba mitaro akarudi mzungu!"

Nikazidi kusimama wima. Mjinga mimi.

Nyoni akaacha mluzi. "Pasi ni ya jamaa wa karibu tu. Nani anaumwa?"

"Mama yangu."

Hapo ndipo nilipoanguka. Lakini niambieni, ningesema nini? Mtoto ana jina la mama yangu mzazi. Tangu siku aliyozaliwa mimi namwita mama. Mama njoo ule. Mama vaa sweta. Sijamwita binti hata siku moja, na asubuhi ile kichwani mwangu kulikuwa na kile kifua chake kidogo tu kinachopanda na kushuka. Muthee, na wewe wa kwako unamwitaje nyumbani?

Nyoni akavuta sanduku, akatoa kadi yangu. Akaisoma polepole. "Mama: amekufa. Wewe mwenyewe ulisema hivi ulipohojiwa."

"Ndiyo, Bwana. Alikufa."

"Na leo anaumwa Nyeri."

"Ndiyo, Bwana. Huyo ni mwingine."

"Una mama wawili?"

"Ndiyo, Bwana." (Na nilikuwa nasema kweli!)

"Huyu wa pili ana umri gani?"

"Miaka sita."

Nyoni akaweka kalamu mezani. Hakuitupa, aliiweka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Uso ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Nikaanza kumweleza. Nikasema ni mtoto wangu, Bwana, nilimzaa mimi. Akasema dakika moja iliyopita alikuwa mama yako. Nikasema ni huyo huyo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Kiingereza kilivyoniishia, na mwishowe nikabaki na maneno ya jikoni tu.

"Unanidhihaki," akasema. "Au unataka pasi uende kwa watu wa msituni. Kwa vyovyote wewe ni mwongo, na waongo najua pa kuwarudisha."

Kuwarudisha. Mnajua ni wapi. Ukutani saa ilikuwa inasema saa tatu na nusu.

Nyoni akamgeukia Tito. "Mambo haya ni kweli? Mtu anamwita mtoto wake mama?"

Tito anajua. Kila mtu kutoka hapa mpaka Nanyuki anajua. Tito akakuna kidevu, akasema, "Bwana, watu hawa wanasema mambo mengi."

Watu hawa! Mtoto wa Wanjiru!

Foleni ikaguna. Wangeci akapaza sauti, "We Tito, mwambie Bwana ukweli, mtoto anakufa!" Askari wa mlangoni akagonga kitako cha bunduki chini, wakanyamaza wote.

Nyoni akafikiri kidogo. Kisha akaniambia, "Vizuri. Kama ni desturi, hamko wawili tu. Nionyeshe mwingine unayemwita mzazi na hakukuzaa. Hapa hapa. Mwenye kadi, niangalie jina."

Ndugu zangu, mle ndani alikuwemo mmoja tu.

Baba yangu mzazi aliitwa Gathogo. Dada yangu alipopata mtoto wa kiume wa pili akampa jina hilo, kama inavyotakiwa. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni nilimwita baba. Nilimnunulia viatu nikimwita baba. Siku nilipoviona vile viatu chini ya gunia, neno hilo nililizika. Nililizika ndani kabisa, nikapiga udongo kwa mguu.

Nikatazama mabati. Nikatazama sakafu. Wanawake wote wa foleni walikuwa wanajua, na wote walikuwa wamenyoosha shingo. Saa ikasogea.

Nikanyoosha kidole. "Huyu."

"Huyu nani?"

"Huyu ni baba yangu."

Nyoni akamtazama Tito, kijana wa ndevu sita, akanitazama mimi mwenye mvi. "Mwite basi," akasema. "Kwa lugha yenu, kama mnavyoitana nyumbani. Akiitika mwenyewe, nitaamini."

Nikasema, "Baba."

Tito akatazama dirishani.

Nikasema tena, kwa nguvu kidogo, "Baba."

Tito akapangusa bunduki kwa mkono wa shati. Najua alisikia. Masikio yalikuwa yamesimama kama ya mbuzi. Nyoni akachukua kalamu, akaanza kuandika kitu kwenye kadi yangu, na hakikuwa pasi.

Mara ya tatu sijui sauti ile niliitoa wapi. Ilitoka kama ya mtoto aliyefungiwa nje wakati wa mvua. "Baba!"

Tito akageuka. Polepole, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Akakunja mguu juu ya mguu.

"Nini, mwanangu?"

Foleni ikapasuka! Wangeci alikaa chini na ndizi zake. Mama mmoja akaegemea ukuta anapangusa machozi kwa kitambaa cha kichwa. Askari wa mlangoni, yule wa kitako cha bunduki, akageukia nje, mabega yakimtetemeka. Mimi nimesimama katikati, na koti langu safi.

Nyoni hakucheka. Alifuta alichoandika, akajaza pasi, akaigonga muhuri. Nilidhani yameisha.

Tito ndiye aliyenipa karatasi ile. Na chini ya karatasi kulikuwa na kifurushi kidogo cha gazeti. Sukari. Hakunitazama usoni. Akasema kwa Kiingereza, ili bwana wake asikie kwamba hakuna siri, "Mpelekee mke wangu."

"Mke wako gani?" Nyoni akauliza.

"Nyaguthii, Bwana. Yule mgonjwa."

Mtaelewa hesabu yake. Kama mimi ni mtoto wa Gathogo na Nyaguthii, basi hao wawili ni mtu na mkewe. Utani huo tulikuwa nao nyumbani zamani, kabla ya magunia. Lakini mwambie Nyoni hivyo! Alitutazama mmoja mmoja, akafunika uso kwa viganja, akasema, "Tokeni. Wote. Tokeni!"

Nilikimbia mpaka Othaya. Basi nililidaka likianza kuondoka. Njiani nikatoa kile kifurushi mara mbili nikitupe dirishani, na mara mbili nikakirudisha mfukoni. Sukari haipatikani siku hizi, na haijui ilikotoka. Tito sijamsamehe. Andikeni hivyo, na mkimwona mmwambie.

Mtoto yuko hai. Homa imeanza kushuka. Nilipomlambisha sukari kidogo kwenye kidole akaniuliza ni nani aliyeileta. Nikasema, "Mume wako." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na muuguzi akanifukuza wodini. Ndiyo maana naandika barua hii nimekaa kwenye nyasi.

Kwa hiyo nawasihi, msinicheke. Na kama hamtaweza kujizuia, chekeni huko huko mliko, mimi ya leo yananitosha. Nimeita baba mara tatu, nimeitikiwa mara moja.