Ombi la Seli Kusamehewa Umuganda

Kwa Mkuu wa Mudugudu (Mtaa),
Batsinda, Kigali.
Jumapili.

Mama Pudentienne, kwa heshima zote,

YAH: NJAA ILIYOZIPATA SELI ZA KINGA SIKU YA UMUGANDA

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa sote wawili tulikulia Karagwe, hivyo hutasingizia kwamba hukuelewa. Kule Kacyiru nalea maabarani seli za kinga, yaani askari wa mwilini, zilizotoka kwenye damu za watu. Kesho wafadhili wanakuja kuona kama zinaweza kuua seli za saratani. Zikishindwa, mradi unafungwa, na mimi na msaidizi wangu Shami tunahamia kijiweni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jana, siku ya umuganda, kazi ile ya pamoja ya kila mwezi, wakati nchi nzima imeshika majembe, mimi nilikuwa nakwenda kubadilisha chakula cha seli. Ijumaa jioni nilihudumia nusu. Nusu nyingine niliipangia asubuhi. Chakula chenyewe ni maji mekundu yenye sukari. Seli zikiimaliza sukari hiyo, maji yanageuka manjano, nazo zinaishiwa nguvu. Usumani fundi cherehani, mliyemweka njia panda kuzuia wanaokwepa kazi, akanisimamisha. Nilimweleza kwa upole habari za sukari, joto na hewa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa jembe. Eti seli zisubiri, mbona hata yeye hajanywa chai. Mtu anayeshinda akipima viuno vya watu ndiye anayetupangia sayansi siku hizi.

2. Baada ya kuchimba mtaro ukaja mkutano wa wakazi. Mzee Cyriaque alizungumzia mbuzi wa jirani yake mpaka jua likawa la utosi. Nilinyoosha mkono kueleza kwamba kuna viumbe vinakufa njaa. Ukaniambia nisubiri mengineyo. Mengineyo hayakufika.

3. Nilipofika maabara, maji ya nusu ile yalikuwa ya manjano kama juisi ya maracuja. Shami alilia. Mimi nilikaa kwenye kiti na matope yangu, nikashindwa hata kuvaa koti jeupe. Nimeumia, Mama, na sitaki kuficha. Nilizichanganya zote na saratani hivyo hivyo, kwa moyo mzito, zilizoshiba upande wake na zenye njaa upande wake.

4. Aibu yenyewe hujaisikia bado. Seli hizo ni za Usumani mwenyewe. Alitoa damu mwezi uliopita, akanywa soda yetu, akaondoka anatabasamu. Jana akasimama njia panda kuzinyima chakula seli zake mwenyewe, na bado anajiona kafanya kazi.

Kwa hiyo naomba seli hizo ziandikishwe kuwa wakazi wa mudugudu wetu, maana zimetoka humu humu, zipewe msamaha wa umuganda kama wagonjwa na wanaonyonyesha, na mimi nitambuliwe kuwa mlezi wao. Usumani aziombe radhi kwa maandishi. Hilo likishindikana, umuganda wa nchi nzima uhamishiwe Jumanne, siku ambayo seli hazili. Sidhani kama naomba makubwa.

Nisalimie wakazi wote, Mzee Cyriaque na mbuzi wakiwemo. Usumani usimsalimie.

Ni mimi, mwenye malengelenge mikononi,
Dkt. Ntare Bayingana

Nyongeza, Jumatatu jioni: Sikuwahi kuituma barua hii, na majibu yametoka. Seli nilizozilisha Ijumaa zilishiba, zikakaa tu. Saratani wala hazikuigusa. Zile za manjano, zenye njaa, ziliimaliza. Wafadhili wameongeza muda wa mradi. Waliniuliza niliwazaje kuzifungisha saumu, nikawajibu ni wazo nililokuwa nalo siku nyingi. Basi naomba msamaha ule ufutwe, na mwezi ujao nisimamishwe tena pale pale njia panda. Mzee Cyriaque apewe muda wote anaoutaka. Usumani asiambiwe lolote, ila aje kutoa damu tena.