Waraka Wangu Kuhusu In, On na At

Napenda kuutangazia umma kwamba ofisi yetu ya maji imeutokomeza ugonjwa wa kukosea vile vineno vidogo vya Kiingereza: in, on na at. Ushindi huu umetokana na waraka niliouandika mwenyewe, maana mimi ndiye Mkurugenzi. Kiswahili kinatudekeza. Unasema mezani, chumbani, mlangoni, na ile "ni" inamaliza kazi yote. Kiingereza hakitaki uvivu. Kwa hiyo niliagiza kila dharura iripotiwe kwa Kiingereza, na isishughulikiwe mpaka kineno kiwe sahihi.

Jumatatu, baada ya kunywa chai ya kutosha, mimi na Naibu wangu tulikwama kwenye lifti. Nikampigia simu fundi.

"We are on the lift!"

"On, bosi? Una uhakika?"

Nikamtazama Naibu, msomi wa ng'ambo.

"On kabisa, mheshimiwa," alisema. "Tena umeitamka vizuri mno."

Fundi ni mtu mtiifu. Alichukua ngazi, akapanda hadi juu ya paa la lifti. Tukasikia viatu vyake vikitembea juu ya vichwa vyetu.

"Bosi, nimefika juu, mbona siwaoni? Hapa kuna vumbi na panya tu!"

Chai ikaanza kudai njia. Nikajaribu at. Fundi akashuka, akaja kusimama nje ya mlango wa lifti, akatungoja kwa heshima zote. Nikabana miguu.

"Mwanangu," nikalia, "tumo humu ndani! Fungua, nitaaibika!"

"Hicho Kiswahili, bosi. Waraka unasema..."

"Waraka nimeufuta! Fungua!"

Mlango ulifunguka. Ulichelewa kidogo.

Wafanyakazi walikuwa wamejaa ukumbini. Niliwaarifu kwa utulivu kwamba kumetokea uvujaji mdogo, jambo la kawaida kwa ofisi ya maji, na kwamba taarifa iandikwe mara moja. "Mara moja kabisa," aliitikia Naibu, huku akijisogeza mbali nami.

Mama wa mapokezi alishika kalamu. Akaitazama suruali yangu, kisha sakafu ya lifti, kisha suruali tena.

"Samahani, mheshimiwa," aliuliza kwa adabu. "Najua waraka umefutwa, nataka kujifunza tu. Huo uvujaji niandike in the lift, au on the Director?"