Majoka Manne ya Daktari wa Meno

Siku hiyo Jeppe Lindgaard alishuka ngazi za klabu ya karata pale mjini Aalborg, Denmark, chini ya duka la baiskeli, kutafuta kahawa ya bure tu. Akamwona daktari wa meno, Preben Holck, akihangaika kuchanganya karata zake. Jeppe akasimama, kahawa akaisahau.

Karata za hapo si za kopa na jembe: kila moja ina picha ya kiumbe, kuanzia panya mpaka mfalme na joka, anayeshushwa mezani kupigana, na kila mchezaji huja na seti yake. Seti ya daktari ilikuwa nene kama mkate wa Krismasi. Wenzake wote walicheza na karata sitini, maana sheria haitaki pungufu ya hapo. Yeye alikuwa na zaidi ya mia, kwa kuwa kila karata ya bei aliyonunua aliona vibaya kuiacha nyumbani peke yake. Na humo ndani, jamani, mlikuwa na Majoka Mekundu matatu, karata adimu kuliko zote.

Jeppe alilijua soko. Joka moja ni pambo la kutazama. Manne kwa pamoja yana mnunuzi Hamburg, na bei yake inatosha kununua karavani zima, nyumba ya kuvutwa na gari, lenye jiko na kitanda. Kitanda alikihitaji sana: alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake Kirsten, na Kirsten alishamwambia kwamba mwisho wa mwezi kochi linataka kupumzika. Joka la nne lilikuwa pale pale ukutani, ndani ya kioo, zawadi ya mshindi wa mashindano ya Jumamosi.

Sasa tusimsingizie. Jeppe hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Jeppe alikuwa akipewa.

“Daktari, samahani,” alisema akivuta kiti, “huwa unashinda?”

“Sijawahi. Lakini nikishindwa, nashindwa na vitu vizuri.”

“Seti yako inaumwa. Ina kitambi.”

“Kitambi?”

“Joka halishuki mezani mpaka uwe na nguvu saba, na kila zamu unapata nguvu moja. Wewe bado unangoja, mwenzako keshakula, keshaoga, kesharudi kulala. Toa hawa wanene. Weka wadogo wanaoshuka upesi.”

“Wadogo niliwatupa, bwana. Niliona aibu kuwa nao.”

“Ninao mimi,” alisema Jeppe, kwa sauti ya mtu anayetoa figo. “Panya wangu wote. Nimewalea mwenyewe. Haya, nipe hayo majoka na hao wafalme, nikupunguzie mzigo.”

Daktari alimshika mkono, machozi yakimlengalenga.

Usiku ule Jeppe alipanga seti yake kwenye kochi. Panya walikuwa wameondoka, wamebaki wafalme na majoka. Mtu aliyefundisha wengine angejua dawa yake. Lakini aliyatazama yale majoka yanavyong'aa chini ya taa ya Kirsten, na somo lote alilompa daktari likamtoka kichwani kama mvuke wa birika.

Jumamosi alishinda kwa mdomo. Mpinzani wa kwanza aliliona Joka akakata tamaa. Wa pili alipigiwa hadithi mpaka akasahau zamu yake. Huku upande wa pili daktari alikuwa akisonga mbele na panya wake, akishangaa kila akishinda. Mwisho wakabaki wao wawili.

Inger Thorsø, mwenye klabu, alikuja na birika la kahawa. “Kama kawaida yetu, mnaweza kugawana zawadi kabla ya kucheza. Mnasemaje?”

“Mimi sina neno,” alisema daktari. “Jeppe achukue Joka, anilipe nusu ya bei. Kufika hapa kunanitosha.”

Joka la nne hilo, linasukumwa mpaka puani! Lakini kumlipa nusu mtu anayecheza na panya?

“Hatugawani,” alisema Jeppe kwa sauti. “Mshindi abebe vyote!”

“Vyote?” Inger akaweka birika chini. “Hata majoka uliyonayo?”

Watu wakageuka wote. Jeppe alitamani kumeza neno, ila lilikuwa limeshatoka, na macho yalikuwa mengi.

“Vyote, mama!”

“Na panya wangu pia, basi,” alisema daktari, ili iwe haki.

Jeppe akainua karata zake. Joka. Mfalme. Joka. Mfalme mwingine. Ilikuwa harusi ya kifalme isiyo na mpishi. Panya wa kwanza akashuka, akauma. Wa pili akauma.

“Samahani,” alisema daktari kila panya alipouma, kama alivyozoea kazini. “Kidogo tu. Tunamaliza sasa hivi.”

Jeppe hakufikisha hata nguvu tano. Watu wakapiga makofi, naye akayasukuma majoka matatu ng'ambo ya meza. Daktari akayaweka pamoja na la nne, kisha, kwa furaha, akaanza kuyachomeka tena ndani ya seti.

Jeppe alishindwa kuvumilia. “Daktari, usifanye hivyo! Kuna mtu Hamburg anayataka yote manne. Yauze, unipe chochote, hata godoro.”

Daktari akacheka. “Juzi hayafai, leo yanatafutwa Hamburg! Ni lini hasa ulisema kweli, Jeppe?”

“Mara zote mbili!” alilia Jeppe.

Walicheka mpaka Inger akamwaga kahawa. Jeppe akachukua koti lake, akapanda ngazi kwenda kumbembeleza dada yake.